Saa Moja ya Hajjat Fikriya

Tahani ni jirani yangu, mlango wake unatazamana na wangu, ghorofa ya tatu, na kama Mungu angenipa binti ningemwomba afanane naye kwa kila kitu isipokuwa bahati. Sijui bahati yake aliisahau wapi. Ni mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mcheshi akipata nafasi, na nafasi yenyewe haipati. Anafanya kazi idara ya maji, dirisha la malalamiko. Maji yakikatika mtaa wowote wa mji wetu huu wa Zagazig, Misri, watu hawamfuati fundi, wanamfuata Tahani. Tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa mchana anatukanwa, naye anajibu, "Ndiyo bwana, ndiyo mama, fundi yuko njiani," kisha anarudi nyumbani kumgeuza mama yake kitandani.

Mama yake ni Hajjat Fikriya. Zamani mama huyu alikuwa moto. Alikuwa akisimama rosheni akigombana na muuza samaki aliye chini barabarani mpaka mtu wa watu anashusha bei ili apate kwenda zake. Kisha kiharusi kikamchukua upande wa kulia, mkono na mguu, na nusu ya mdomo. Ulimi ukabaki, na akili ikabaki. Nalisema hili mapema ili mtu asije akamtetea mbele ya safari kwamba hakujua asemalo. Alijua.

Mimi ni Mama Raafat, mjane, na kazi yangu ni kutayarisha mboga. Wanawake wa maofisini wanapenda mahshi kama watu wote, lakini hawana muda wa kukaa na kisu wakikomba mamumunye na biringani moja moja ili wayajaze wali. Basi nawakombea mimi, nawachambulia na mlenda, natia kwenye mifuko, na wakitoka kazini wananunua wakiwa njiani kwenda kupika. Asubuhi Tahani akiondoka, nabeba sinia langu navuka ukumbi, nakaa miguuni pa Hajjat, nakomba huku namsikiliza. Sikuwahi kudai kitu. Hajjat ndiye aliyenipokea nilipoletwa jengo hili nikiwa bi harusi nisiyejua hata kuwasha jiko, na mambo kama hayo hayalipwi. Lakini ikigonga saa nane lazima nishuke, kwa sababu ndipo watu wanapoanza kutoka maofisini, na mboga iliyokombwa haingoji mtu.

Kwa hiyo, tangu nishuke mimi mpaka apande Tahani, Hajjat alikuwa peke yake. Saa moja, na kipande cha njia. Ukiisema hivyo haina uzito, ni kweli kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hebu mlaze mtu asiyeweza kujigeuza, umfungie mlango kwa ufunguo, uondoke, kisha ndiyo uje uniambie kuwa ni saa moja tu.

Serikali sina kawaida ya kuisifu, lakini katika hili niliisifu, na majirani ni mashahidi. Tahani alirudi siku moja akaniambia iko sheria: mfanyakazi anayemuuguza ndugu yake mwenye ulemavu anaruhusiwa kutoka kazini saa moja kabla ya wenzake, kila siku ya Mungu, na mshahara haukatwi. Alikuwa ameisikia kwa mwenzake wa dirisha la pili, ana mtoto asiyeona, na mwenzake huyo saa nane kamili anabeba mkoba wake anatoka kifua mbele. Nilipiga kigelegele pale pale kwenye ngazi, kisu mkononi. Kilichotakiwa ni kadi ya ulemavu ya mama yake, basi, na kadi moja humtoa mtu mmoja tu. Na kadi ilikuwa kwa Medhat.

Medhat ni ndugu yake, kitindamimba, mwanamume pekee katika nyumba ile. Ameajiriwa ofisi ya ghala la nafaka, anakaa ng'ambo ya mfereji na mke wake na watoto. Alikuwa akija Ijumaa moja na kuiruka nyingine. Akiingia anapiga magoti, anabusu mkono wa mama yake, kisha anabusu miguu, anasema, "Pepo yangu iko hapa chini, mama," halafu anakula paja la bata, anafuta mdomo, anakwenda. Ukimuuliza, maneno yake ni matamu ya kumtoa nyoka pangoni. Hajjat alikuwa akiishi kwa busu lile mpaka Ijumaa nyingine iliyojaliwa. Kadi ya mama aliichukua zamani, akasema anakwenda kuifanyia upya, na hapo ndipo tulipoiona mwisho.

Tahani alimpigia simu mbele yangu, akaweka sauti nje ili mikono yake ibaki huru kumchana mama yake nywele.

"Dada, roho ya ndugu yako!" Medhat akaitika. "Umenikumbuka leo?"

"Nataka kadi ya mama."

"Kadi iko mahali salama kuliko benki."

"Sijauliza usalama wake. Nataka uilete kesho. Nina kazi nayo ofisini."

Medhat akakohoa. "Kesho inshallah."

"Kesho ipi, Medhat? Maana kesho zako nimeshazila nyingi."

"Aa, ulimi huo! Ulimi huo ndio uliomkimbiza yule mwalimu wako, masikini ya Mungu, mpaka leo sidhani kama amesimama."

Tahani akacheka, kwa sababu amezoea kucheka akichomwa. Yule mwalimu hakukimbizwa na ulimi. Alisema atamuoa lakini mama asije naye, na Tahani akamrudishia pete. Medhat analijua hilo vizuri sana kwa kuwa siku ile alikula chakula cha posa mpaka mwisho, posa yenyewe ikiwa imeshavunjika.

Kesho haikuja. Ikaja nyingine, ikaja na ya Ramadhani, kadi haikuonekana. Mara iko kwa mtu wa ofisi fulani, mara mhusika yuko likizo, mara Medhat mwenyewe ana mafua. Tahani alikuwa akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikamwambia. Akasema, "Medhat ni mzembe, Mama Raafat, siyo mbaya." Jambo moja lilinishangaza: kila tulipoitaja kadi, Hajjat aligeuza uso akatazama ukuta. Nilidhani neno ulemavu linamuumiza.

Kisha akaanguka. Ilikuwa ndani ya saa ile ile. Sijui alitaka maji au alitaka dirisha, hakusema. Tahani alipofungua mlango alimkuta sakafuni kati ya kitanda na kabati, shavu limeganda kwenye vigae, nguo zimelowa, amelia mpaka sauti imekauka. Nami nilikuwa langoni mwa benki ninapouzia, nikitania watu, "Mamumunye kama vidole vya bi harusi!" Niliporudi Tahani alikuwa amekwisha kumwosha. Alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea kitanda, ameshika ule mkono uliokufa wa mama yake.

Tangu siku hiyo akawa mtoro. Ikikaribia saa nane anamwambia mwenzake, "Nishikie dirisha," anapita mlango wa nyuma, anakuja mbio. Mkurugenzi mpya akamkamata. Huyo bwana simlaumu sana. Alimwita akamwambia, "Bibi Tahani, leta kadi ya mama yako leo, kesho nitakufungulia lango mwenyewe kwa mkono wangu. Lakini bila kadi wewe ni mtoro tu kama watoro wengine. Nikipita dirishani tena nisikukute, nakuhamishia tawi la mwisho wa mkoa." Kule mtu anatoka gizani na kurudi gizani. Kuhamishwa kule, kwa mtu mwenye mgonjwa, ni kufukuzwa kwa adabu. Basi habari yote ya Tahani ikawa imesimama juu ya kijikadi kile: akikipata ana kazi na ana mama, akikikosa achague.

Ikaja Siku ya Akina Mama. Mwezi wa tatu, mji mzima unanuka maua na keki za basbusa, maduka yanapiga nyimbo za mama mpaka masikio yanauma. Tahani alikuwa ameapa hatatoroka tena, lakini asubuhi Hajjat alikuwa amelia kidogo akisema, "Sikukuu yangu na nitafungiwa mlango," na moyo wa Tahani ni siagi. Akaniambia atakuja mapema na basbusa, liwalo na liwe. Nami nikakubali kumngoja kidogo, mboga zinyauke zikitaka.

Saa nane ilikuwa imepita kidogo kengele ilipolia. Nikafungua nikiwa na kisu mkononi. Mlangoni mwanamume mwenye tai, jasho linamtiririka, amekumbatia sanduku la mashine ya kusagia, na juu ya sanduku kuna ngao ya kioo iliyofungwa utepe. Nyuma yake mwanamke amebeba shada la maua kubwa kuliko kichwa chake.

"Hapa ndipo kwa mama yake Ustadhi Medhat?"

"Ndipo. Kuna msiba?"

"Msiba usijue njia ya nyumba hii, mama! Tumekuja kwa furaha. Mimi ni Wagih, mkuu wa mambo ya wafanyakazi ofisini kwao, na huyu ni Mhandisi Nermin." Akanong'ona, macho yanamcheka. "Usimwite. Tumekuja kumfumania."

"Kumfumania na nani, mwanangu?"

Nermin akacheka. "Na mama yake! Tunataka tumkute anamlisha. Si ndiyo saa yake hii?"

"Saa yake ipi?"

"Saa aliyopewa kwa ajili ya mama yake," akasema Wagih. "Mwaka wa pili sasa, hajakosa hata siku moja. Wenzake tunabaki na magunia, yeye anakimbia kumlisha mama kwa mkono wake. Tumemchagua mtoto mwema wa ofisi nzima. Leo tumemwacha atoke kwanza, ndipo nasi tukaja."

Kisu nikakiweka chini, juu ya kiatu cha mtu, kwa kuwa sikujiamini nacho.

Nyuma yao nikamwona Tahani. Alikuwa amepanda ngazi kwa haraka, boksi la basbusa mkononi, na alikuwa amesikia, sijui tangu wapi. Wagih akageuka, akamtazama, akafurahi. "Wewe bila shaka ndiye dada yake! Medhat ametueleza. Kasema, dada yangu ana kazi yake, hana muda, basi mama nimejitwika mimi."

Nimemwona Tahani akitukanwa na watu wasiomjua, nimemwona akivunjiwa posa, lakini sura ile sikuwahi kuiona. Alishika ukingo wa ngazi. Halafu, kwa kuwa ni binti aliyefunzwa na wageni wako mlangoni, akasema, "Karibuni ndani. Mtakunywa chai?"

Hajjat alituona tukiingia, akaona maua, ngao na mtu mwenye tai. Hakuulizwa kitu. Kabla Wagih hajamaliza salamu zake, mama wa watu akasema kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, "Medhat ameshuka duka la dawa. Anarudi sasa hivi. Mama Raafat, mpigie umwambie ana wageni."

Nilimtazama. Naye akanitazama moja kwa moja, wala haukuelekea ukutani uso wake safari hii. Ndipo nilipoelewa ukuta ule ulikuwa na kazi gani miezi yote ile.

Nikatoka ukumbini nikapiga, maana nami nilitaka aje, nimwone usoni. Simu ilipokelewa kwenye kelele, mtu anasema nyuma, "Nipe nyeupe makopo mawili." Alikuwa duka la rangi la mkwewe, akiuza.

"Medhat," nikasema, "wakubwa wako wako kando ya kitanda cha mama yako. Uko duka la dawa, na unarudi sasa hivi."

"Nini? Dawa gani?"

"Yoyote utakayoikuta, mwanangu. Dawa ya uongo haiandikwi na daktari."

Tahani alikuwa jikoni akipanga vikombe. Nikamwendea, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Binti yangu, toka uwaambie. Neno moja. Hawa ndio wenye kuiondoa saa kwake na kukuachia wewe."

"Nikisema mimi nitakuwa dada mwenye wivu aliyemharibia ndugu yake sikukuu," akajibu. "Aseme mama. Mama yuko pale, ana ulimi wake. Hatamwacha mtu apewe ngao mbele yangu." Akatia sukari kwenye kikombe kimoja mara mbili, akakimwaga, akaanza upya. Aliamini, masikini. Hata baada ya lile duka la dawa alikuwa bado anaamini.

Medhat akafika anahema, mfuko mdogo mkononi. Akapiga magoti kama kawaida, akabusu mkono, akabusu miguu. Nermin machozi yalimlenga. Kisha akaona vidole vya Medhat.

"Ustadhi, mbona una rangi?"

Medhat akavitazama vidole vyake vya buluu kama vya mtu mwingine. "Nampakia mama chumba rangi. Kidogo kidogo, nikimaliza kumlisha. Ili afurahi."

Sote tukatazama kuta. Plasta ilikuwa imebanduka juu ya kitanda tangu enzi za marehemu mzee. Wagih akakohoa, akasifu maua aliyoyaleta mwenyewe.

"Tunataka picha moja," Nermin akasema, "ukimlisha. Ya ubao wa ofisini."

"Chakula kiko tayari," akasema Tahani kutoka mlangoni. "Nakileta."

Akaleta bakuli la dengu zilizopondwa, akampa ndugu yake kijiko. Akarudi nyuma akasimama nami. Medhat akajaza kijiko hadi juu kama anajaza debe, akakipeleka kwenye ule upande wa mdomo uliokufa. Hajjat akaachama kwa upendo, Mungu na anisamehe lakini ndivyo ilivyokuwa, kwa upendo kama kifaranga. Dengu zikaingia, nusu zikatoka kwenye kidevu, nusu zikaenda njia isiyo yake. Akaanza kupaliwa. Uso ukawa mwekundu, ukaelekea kuwa mweusi. Medhat akaruka nyuma na kijiko chake. "Mama! Mama! Ana nini?"

Tahani hakuuliza ana nini. Alimfikia mama yake kwa hatua moja, akamkalisha, akamwinamisha kidevu kifuani, akatia kidole akatoa kilichokuwemo, akamsugua mgongo akisema, "Pole pole, taratibu, nimekushika." Hajjat akakohoa, akavuta pumzi. Tahani akamfuta kwa ncha ya mtandio wake.

Nyimbo za mama zilikuwa bado zinapigwa dukani chini. Mhandisi Nermin alikuwa ameshusha simu yake. Si mjinga yule mwanamke. Alitazama mikono ya Tahani, akatazama ya Medhat, kisha akainama kitandani, akauliza kwa upole, "Hajjat, hebu niambie. Siku zote nani anakulisha?"

Lilikuwa neno moja tu lililotakiwa, na neno lenyewe lilikuwa jina la mtu aliyekuwa bado amemshika kidevu. Tahani akamtazama mama yake kwa karibu, akamwambia, "Sema, mama."

Hajjat alimtazama binti yake muda. Kisha akatazama zaidi yake, kule alikosimama Medhat na kijiko kinachodondosha dengu kwenye zulia.

"Mwanangu Medhat," akasema. "Mungu aniwekee. Leo nimepaliwa kwa furaha."

Nermin akanyooka. Wagih alishusha pumzi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana, maana ngao ilikwisha kuandikwa jina na nani angependa kurudi nayo. Akasema haya, picha. Medhat akakaa, kijiko juu, mama anatabasamu nusu uso. Tahani aliombwa asogee kidogo kwa sababu alikuwa anaziba mwanga. Akasogea.

Wakati wa kuaga Wagih alimpa Tahani mkono akasema, kwa wema kabisa, "Na wewe dada, mpokee ndugu yako zamu hata siku moja moja. Naye ni binadamu." Tahani akamwambia, "Inshallah, Ustadhi." Nilitafuta kisu changu nikasahau nilikiweka wapi, na ni bora.

Medhat alitaka kutoka nao. Tahani akafunga mlango akasimama mbele yake.

"Nipe kadi."

"Dada, hebu tuelewane."

"Nipe kadi, Medhat."

"Nikikupa wataniuliza mwaka mzima nilikuwa wapi. Nitafukuzwa. Unataka watoto wangu wale nini?"

"Mama alianguka ndani ya saa hiyo. Alilala sakafuni kwenye mkojo wake, na wewe unauza rangi kwa saa yake!"

"Punguza sauti, leo sikukuu yake."

"Sikukuu ya mama yako ikutokee puani!" nikasema mimi. "Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nalisikia, leo nimekiona kina vidole vya buluu na miguu miwili."

"Wewe Mama Raafat kombakomba mboga zako, haya ni ya nyumbani kwetu." Akamgeukia dada yake. Sauti yake ikawa tamu tena. "Kwani unadhani niliiba? Kamuulize mama. Mama ndiye aliyenipa. Alitia dole gumba mwenyewe, mkono wa kushoto, mbele ya mtu wa serikali."

Tahani akaondoka mlangoni. Medhat akapita, tukasikia akiteremka ngazi mbili mbili. Mara simu ya Tahani ikalia. Alikuwa mwenzake wa dirisha, analia: mkurugenzi alipita, hakumkuta. Tahani alimsikiliza, akasema, "Hapana, siyo kosa lako, kipenzi," akaizima, akaingia chumbani kwa mama yake. Nikamfuata mpaka mlangoni. Ningeweza kuwaacha, lakini sikuwaacha.

"Mama, ulijua?"

Hajjat akautafuta ukuta.

"Usinigeuzie uso, mama. Nilipokuwa nalia kadi, kadi, ulijua iko wapi na inafanya nini?"

"Nilijua."

"Na siku ulipoanguka?"

"Nilijua."

"Kwa nini?"

Nadhani aliona aibu kidogo, lakini si ile tuliyoitaka. "Aliniambia, mama, nikipata hiyo saa nitakuja kwako kila siku, nitakaa nawe, nitakulisha. Kila siku, Tahani. Mtoto ambaye ninamwona kama mwezi mwandamo. Nikamwambia, lete nitie dole."

"Akaja?"

"Wiki ya kwanza alikuja. Alileta na ndizi."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo ana mambo yake. Mwanamume ana mambo. Lakini nilisema, saa akiwa nayo, iko siku atakuja."

"Na mimi, mama?"

"Wewe?" Hajjat alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama kesho kutakucha. "Wewe hata wasikupe saa utakuja tu. Wewe nakujua."

Tahani alitoka chumbani akaja kuketi jikoni, kwenye kigoda changu, kati ya mifuko ya mamumunye ambayo siku ile haikuuzwa. Boksi la basbusa lilikuwa juu ya meza, halijafunguliwa.

"Ningekuwa mbaya kidogo tu, Mama Raafat," akasema. "Kidogo tu. Mama angenihonga mimi hiyo saa ili nije."

Basi ndipo akalia. Nilimwacha alie, nikamwambia lia, hiyo ni haki yako ambayo hakuna wa kuitilia dole. Nilikuwa na hasira ya kuvunja sahani. Kumwibia mwizi si ajabu, na kumwibia tajiri watu wameshazoea. Lakini kumwibia mtu kwa sababu una hakika naye, hiyo nilikuwa sijaiona kwa macho yangu, na imefanywa na mama mzazi, mbele yangu, miezi yote ile, nikiwa nimekaa miguuni pake.

Chumbani Hajjat akaita, "Tahani! Mguu umekufa ganzi. Njoo unigeuze."

Nikainuka. Nikamwambia, "Kaa. Leo nakwenda mimi."

"Wewe una mkono mzito," akasema Tahani. "Atapiga kelele."

Akajifuta uso kwa mtandio ule ule, akaenda kumgeuza.